Darasani wanaeleza vizuri, kwenye karatasi wanapotea: nifundisheje kuandika ripoti za saikolojia?

BARUA

Shikamoo mwalimu, naomba unisaidie maana nimefika mahali sielewi nishike lipi.

Mi ni mwalimu msaidizi kwenye chuo kimoja hapa hapa Tanzania, nina semina za mbinu za utafiti, wanafunzi wa saikolojia mwaka wa pili, wako kama 130 hivi na kusahihisha nasahihisha peke yangu. Semista hii niliamua wafanye jaribio wenyewe badala ya kukariri madesa. Tukafanya lile la Stroop, yaani neno "nyekundu" limeandikwa kwa wino wa kijani alafu mtu anatakiwa ataje rangi ya wino, sio kusoma neno. Wakapimana muda kwa simu zao, darasa lilichangamka sana na matokeo yakatoka vizuri, karibu kila mtu alichelewa kwenye maneno yasiyolingana na wino. Kuna binti mmoja alisimama akaeleza kwa Kiswahili kwamba kusoma tumekuzoea mno kiasi kwamba jicho likigusa neno akili imeshalisoma kabla hujaamua, kwaiyo kutaja rangi kunabidi kushindane na hilo neno, akaeleza na kwa nini ilibidi kuwe na karatasi ya rangi tupu ili wawe na cha kulinganishia. Nikasema hawa wameiva.

Ripoti zilipokuja nilichoka kabisa. Karibu zote zinaanza na "tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akitaka kujua akili yake", kurasa mbili za Wundt, yule mwanzilishi wa saikolojia ya maabara, na maabara yake ya Leipzig 1879, alafu sehemu ya mbinu mistari miwili. Matokeo ni jedwali zima la SPSS, ile programu ya takwimu, limebandikwa lilivyo bila sentensi hata moja ya kulieleza. Hitimisho: "utafiti huu umethibitisha". Ripoti ya yule binti nayo ni hivyo hivyo, huwezi kuamini ni mtu yule yule aliyesimama darasani. Zingine nahisi zimechapwa steshenari kwa hela, zingine ni ChatGPT maana zina marejeo ya makala nilizozitafuta hazipo popote duniani. Na kwenye prizentesheni ndo usiseme, mtu anatupa mgongo anasoma slaidi neno kwa neno mpaka muda unaisha.

Mkuu wangu wa idara anasema dawa ni kukata maksi, kila kosa la APA (zile kanuni za uandishi na marejeo za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani) likatwe, watanyooka. Mwenzangu ofisini anasema hawa tatizo lao Kiingereza, tukishaweka kozi ya Kiingereza mambo yatakaa sawa. Nikifuata la mkuu nusu ya darasa inafeli, nikisubiri la mwenzangu hawa watamaliza chuo. Na mi mwenyewe sijawahi kufundishwa namna ya kufundisha kuandika, nilijifunza kwa kusoma makala za watu. Nianzie wapi?

Mwalimu msaidizi mwenye mawazo

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwanza kwa kuwafanyisha jaribio, wengi hawafanyi hata hilo.

Mkuu wako na mwenzako wote wanaangalia ganda. Kile alichokifanya yule binti darasani, kusema tumeona nini, tulilinganisha na nini, na kwa nini tunadhani imetokea hivyo, hiyo ndo ripoti ya kisayansi yenyewe, imebaki tu kuingia kwenye karatasi. Ina maana wanafunzi wako uwezo wa kufikiri wanao. Tatizo ni kwamba wakishika kalamu wanaacha kufikiri wanaanza kuigiza, wanaandika kitu kinachofanana na vitabu walivyoviona, na ukisoma zile kurasa mbili za Wundt utaona hazina msomaji, hazimwambii mtu yeyote kitu chochote. Kazi yako ni kuwarudishia msomaji.

Mi ningeanza na sehemu ya mbinu, na ningeanza nayo peke yake. Usiombe ripoti nzima. Gawa darasa kwenye makundi ya wanne wanne, kila kundi liandike mbinu tu, ukurasa mmoja, alafu semina inayofuata wanabadilishana karatasi na kundi lingine lazima lirudie jaribio kwa kufuata karatasi ile tu, bila kuuliza swali. Utaona vurugu. Karatasi imeandika "tulitumia maneno ya rangi", rangi zipi? Ngapi? Ziliandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza? Mtu akikosea anaendelea au anarudia? Muda umeanza kuhesabiwa lini? Hapo hakuna haja ya wewe kuandika "fafanua" kwa kalamu nyekundu, mwenzao ameshakwama mbele ya macho yao na wataandika upya bila kusukumwa.

Na hilo la lugha ya maneno usilipitie juu juu, ni tamu sana kwa darasa letu. Stroop mwenyewe mwaka 1935 alitumia nyekundu, bluu, kijani, kahawia na zambarau, na kwa Kiingereza majina hayo karibu yote ni silabi moja tu. Kwa Kiswahili kahawia na zambarau ni silabi nne nne, kutamka tu kunakula muda! Sasa kundi lililotumia bluu na njano likilinganishwa na kundi lililotumia kahawia na zambarau, tofauti ya sekunde inaweza isiwe ya akili hata kidogo, ikawa ya mdomo. Alafu mwanafunzi aliyesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, neno lipi linamwingia haraka zaidi? Haya maswali hayamo kwenye desa lolote, wao ndo wanaweza kuyauliza, na mwanafunzi akishagundua kwamba ana jambo lake la kusema hutamsikia tena na "tangu enzi na enzi".

Wakitoka kwenye mbinu waende kwenye matokeo. Sheria moja tu: sentensi kwanza, namba zake ndani, jedwali baadaye kama bado linahitajika. Waonyeshe la Stroop, watu 100, karatasi yenye rangi 100 za kutaja, kwenye vipande vya rangi tupu wastani ulikuwa sekunde 63.3, kwenye maneno yenye wino usiolingana ukapanda hadi 110.3. Mtu yeyote anaelewa, hata fundi simu wa pale getini. Baada ya hapo ndo waongeze kipimo cha takwimu. Na wakataze kabisa kubandika jedwali la SPSS lilivyo, lile SPSS imekutolea wewe ulisome, msomaji anataka ulichokisoma. Hapo hapo wafundishe lile kosa la "p = .000" (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi kama kweli hakuna tofauti yoyote) ambalo nakuhakikishia liko kwenye ripoti zako nyingi. Programu inakata desimali ikifika ya tatu, haina maana kwamba uwezekano ni sifuri, kwaiyo tunaandika p < .001. Ukiwaeleza sababu hawasahau, ukiwakatia maksi tu wataibandika tena mwaka wa tatu.

Sasa hilo neno "umethibitisha". Hapa naomba ukae muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, hata kama ratiba inakubana. Wasimulie yaliyoikuta saikolojia yenyewe. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lililoratibiwa na Brian Nosek lilichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokuwa zimeshatoka kwenye majarida matatu makubwa ya saikolojia. Zile za mwanzo asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu, ziliporudiwa ni asilimia 36 tu. Wanafunzi wakisikia hii wanashtuka, na washtuke tu, alafu uwaulize sasa wewe na sampuli yako ya rafiki zako wa hosteli umethibitisha nini? Watakuja wenyewe na "matokeo yanaashiria", "kwenye kundi hili", "inawezekana kwamba", na watajua kwa nini wameandika hivyo. Huo ndo uaminifu, na unaandikwa kwa vitenzi.

Kuna na tabia nyingine inayoenda pamoja na hiyo, mtu anaona matokeo kwanza alafu anarudi nyuma kuandika nadharia tete (kile alichotarajia kukipata) kana kwamba aliijua tangu mwanzo. Norbert Kerr aliipa jina mwaka 1998, inaitwa HARKing, na ni ya kawaida mno kwenye tafiti za vyuoni kwa sababu mwanafunzi anaogopa matokeo "yakikataa" atafeli. Dawa yake rahisi: kabla ya kukusanya data kila kundi linaandika kwenye nusu karatasi wanategemea nini na watachambua vipi, wanatia sahihi, unakaa nayo wewe. Na uwatangazie siku ya kwanza kabisa kwamba matokeo yasiyokubaliana na nadharia tete hayapunguzi hata maksi moja. Ukilisema hilo na ukalisimamia, utakuwa umeondoa sababu moja kubwa ya kupika data.

Utangulizi wauandike mwisho. Watu wengi watakupinga kwa hili kwa sababu ndo ukurasa wa kwanza, lakini mtu hawezi kukaribisha wageni kwenye nyumba ambayo hajaijenga. Wakishajua wamefanya nini na wamepata nini, utangulizi unakuwa mfupi, swali letu ni hili, waliotangulia walisema hivi, kinachokosekana ni hiki. Wundt hahusiki hapo. Na kwenye "kinachokosekana" wape data ya Jeffrey Arnett, mwaka 2008 alipitia majarida sita makubwa ya APA ya kati ya 2003 na 2007 akakuta sampuli asilimia 68 zimetoka Marekani peke yake na asilimia 96 zimetoka nchi tajiri za magharibi. Yaani kile tunachofundisha kama "binadamu hufanya hivi" mara nyingi ni wanafunzi wa chuo wa Marekani hufanya hivi. Mwanafunzi wako aliyeko hapa bongo ana la kuongezea na aambiwe hivyo waziwazi, ila pia kwenye mjadala wake aseme na yeye sampuli yake ni ya nani na haiwezi kusemea nani.

Kuhusu Kiingereza, mwenzako ana hoja lakini ameiweka mbele ya safari. Waache wajadili kwa Kiswahili, wapange hoja kwa Kiswahili, hata rasimu ya kwanza wakitaka iwe Kiswahili, alafu ndo wageuze. Mtu akibeba hoja na sarufi ya kigeni kwa wakati mmoja kimoja kitadondoka na mara nyingi inadondoka hoja. Kingine, toka form one wamezoeshwa kwamba Kiingereza cha maneno makubwa makubwa ndo cha msomi. Hapa una silaha kutoka kwenye saikolojia yenyewe! Daniel Oppenheimer alichapisha mwaka 2006 majaribio ambayo matini ile ile ikiwekewa maneno magumu bila sababu, wasomaji walimwona mwandishi ana akili kidogo kuliko alipotumia maneno mepesi. Wasomee hiyo, alafu mchukue aya moja ya ripoti zao (kwa ruhusa, jina limefichwa) muirahisishe pamoja kwenye projekta. Sentensi fupi, kitenzi karibu na mtendaji. Kozi ya Kiingereza ikija baadaye itakuta pa kushikia.

APA sasa. Mkuu wako hajakosea kwamba ni muhimu, ila mwanafunzi anayeiona kama polisi wa mabano hataipenda maishani. Ule mwongozo ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba tu kwenye jarida la Psychological Bulletin, wahariri walikuwa wanataka makala zifanane kidogo ili zisomeke, leo toleo la 7 la mwaka 2019 lina zaidi ya kurasa 400 na hakuna binadamu mwenye haja ya kuzikariri. Kwa mwaka wa pili chagua machache: jina na mwaka ndani ya matini, orodha ya marejeo, namba za takwimu, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo) isiyozidi maneno 250. Hayo yabebe sehemu ndogo ya maksi, maksi nyingi ziende kwenye kama mbinu inarudika na kama hitimisho limetoka kwenye data.

Na hizo rejea za kubuni, mi sioni kama utazimaliza kwa kuwatisha au kwa programu ya kukamata wizi wa maandishi. Weka utaratibu huu: kila mtu anakuja semina na makala moja aliyoinukuu, kwenye simu au imeprintiwa vyovyote, anafungua na kumwonyesha jirani yake ile aya aliyoitumia na kusema kwa maneno yake inasema nini. Hana? Anaifuta. Haijalishi kama kaandikiwa na mashine au steshenari, yule asiyeisoma atajulikana hapo hapo na bado ana muda wa kurekebisha kabla ya kukabidhi. Mwambie pia kwa nini, kwamba rejea ni njia ya msomaji kwenda kuhakiki, ukimpa njia isiyofika popote umemdanganya mtu aliyekuamini.

Najua unawaza hao 130 nitawasahihisha saa ngapi. Makundi ya wanne yanakupa karatasi 30 na kidogo, ukurasa mmoja mmoja, na kila wiki unaangalia kitu kimoja tu. Wiki ya mbinu usiguse sarufi, kabisa, hata ikikuuma. Wanafunzi wakisomeana kazi usiwaulize "ni nzuri?" maana watajibu nzuri ili wasigombane, waambie wapige mstari chini ya sentensi ambayo wasingeweza kuitekeleza au hawaamini, na waandike pembeni kwa nini. Alafu maksi ziwe za rasimu ya pili. Hili ni la muhimu kuliko yote kwenye hii aya, mwanafunzi ambaye anarudishiwa karatasi na maksi tayari anaangalia namba anaikunja anaweka begini, maoni yako yote uliyokesha nayo hayasomi.

Prizentesheni ni shida ya aina ile ile, hawamwoni msikilizaji. Kuna jaribio la Elizabeth Newton, tasnifu yake ya Stanford mwaka 1990, lifanyeni darasani dakika kumi tu. Mtu anagonga mezani mdundo wa wimbo unaojulikana na mwenzake anakisia ni upi. Kwa Newton waliogonga walidhani nusu ya nyimbo zitatambuliwa, kati ya 120 zilitambuliwa 3. Anayegonga anausikia wimbo wote kichwani, mwenzake anasikia ko ko ko. Wakishacheka waambie ndo hivyo slaidi zako zinavyosikika kwa sisi. Kisha kila kundi lipewe dakika tatu, slaidi moja yenye grafu moja na maneno machache kabisa, kwa Kiswahili, na msikilizaji awe mtu asiyesoma saikolojia, leta hata wanafunzi wa kozi nyingine au mhudumu wa maktaba akikubali. Akimaliza kusikiliza yeye ndo aeleze alichoelewa. Kundi linakaa kimya linasikiliza. Hiyo ndo tathmini.

Nasisitiza hilo la Kiswahili na watu wa kawaida kwa sababu wanafunzi wako wengi hawataandika kwenye majarida. Wataandika ripoti ya mtoto kwa mwalimu mkuu, barua ya rufaa kwenda hospitali, maelezo kwa ustawi wa jamii, watasimama kwenye mkutano wa wazazi kueleza sonona ni nini. Huko sentensi mbovu inamkuta mtu mwenye jina na familia. Ukiandika "chizi" au "kichaa" kwenye faili badala ya mtu mwenye skizofrenia, hilo neno litatembea naye kila ofisi atakayopelekwa. Ukiandika "mtoto hana akili" wakati ulichopima ni jaribio moja lililotungwa kwa lugha ambayo mtoto haongei nyumbani, umeamua maisha ya mtu kwa uvivu wa kuandika sentensi ndefu kidogo. Mwongozo wa APA una sura nzima kuhusu lugha isiyobagua wala kudhalilisha, mi hiyo ningeifundisha mapema kuliko mambo ya koma na italiki, na ningewapa faili la kubuni waliandike upya.

Kwa mkuu wako usiende na malalamiko, nenda na ombi dogo: semista moja, semina zako tu, maksi zile zile za kozi ila zigawanywe upya. Tunza rasimu za kwanza na za pili za makundi machache, mazuri na mabovu, mwisho wa semista mpelekee azisome mbili mbili. Akiendelea kutaka makato ya APA mpe, mradi yakae ndani ya ile sehemu ndogo uliyoitenga, na mjadala wa rubriki nzima, yaani mwongozo wa kugawa maksi, muufanye kwenye kikao cha idara mkiwa na karatasi mkononi. Ukianza, niandikie jinsi ile wiki ya kubadilishana mbinu ilivyoenda, hasa kama kuna kundi lililotumia maneno ya kilugha.